KIVULI CHA TATUU: SINDANO GANI HUKWARUZA NA GANI HULAINISHA

Mwaka huu nimepewa nafasi niandike makala ya maelezo, nami nimechagua jambo ambalo tunaliona kila siku kwenye mikono ya makondakta, wanamuziki na wachezaji wa kandanda, lakini wachache mno wanajua linavyofanyika. Nazungumzia tatuu. Sitasema kama ni vizuri au vibaya kuchorwa. Hilo nawaachia wazazi, mashehe na wachungaji, na sote tumeshawasikia. Mimi nataka kueleza kitu kimoja tu, nacho ni kivuli: jinsi fundi anavyopata weusi unaofifia polepole mpaka ukaisha, na kwa nini kivuli kingine ni laini kama moshi na kingine kina vitone kama pilipili manga iliyosagwa.

Kwanza tulitengeneze suala la jina, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Watu husema tatuu, na neno hilo limekwisha kuzoeleka. Lakini lugha yetu haikuwa na njaa ya maneno. Kuna chale, yaani mikato midogo ya ngozi. Kuna tojo, ambazo ni chale za urembo, na kitendo chake ni kutoja. Halafu kuna nembo, ambayo leo tunaijua kama alama ya serikali au ya shule, kumbe zamani ilikuwa pia alama inayochorwa au kuchanjwa mwilini. Nitatumia tatuu kwa kazi ya sindano na wino, na chale kwa kazi ya kisu. Nikisema mkwaruzo nina maana ya jinsi kivuli kinavyoonekana na kuhisika: ni laini, ni cha vitone, au kimeparuza.

Sasa hebu tuingie ndani ya ngozi. Waliosoma Biolojia wanajua ngozi ina tabaka la juu na tabaka la ndani. La juu ni jembamba mno, sehemu nyingi za mwili halifiki hata nusu milimita, na kila siku linakufa na kupukutika. Ndiyo maana hina ya maharusi haidumu. Hina hutia rangi chembe zilizokufa za juu tu, na zikipukutika baada ya majuma mawili matatu, ua nalo limekwenda. Wino wa tatuu unawekwa chini zaidi, kwenye ngozi ya ndani, sindano ikizama kati ya milimita moja na mbili hivi. Huko hakupukutiki. Mwaka 2018 wanasayansi wa Marseille, Ufaransa, walichapisha utafiti walioufanya kwa panya. Waliona kwamba chembe fulani za mwili, zile ambazo kazi yake ni kumeza uchafu, huumeza wino na kukaa nao. Chembe hiyo ikifa huuachilia, na nyingine iliyo jirani huumeza tena. Yaani wino unapokezanwa kama kijiti katika mbio za kupokezana. Nilipolisoma hilo nilishangaa sana, kwa sababu nilidhani wino umekaa tu kama rangi ukutani, kumbe umeshikwa na vitu vilivyo hai.

Kosa la wengi ni kudhani sindano ya tatuu ni kama ya daktari. Sivyo hata kidogo. Ya daktari ina tundu katikati na dawa inasukumwa kupitia humo. Ya tatuu haina tundu. Ni ncha ngumu tupu, na aghalabu si moja bali ni kadhaa zilizounganishwa pamoja. Wino hushikamana katikati ya ncha hizo kama maji yanavyoshikamana kwenye nywele za burashi. Ncha zikichoma, zinafungua vijitundu, na wino unateremka humo. Kwa hiyo unene wa ncha, idadi yake na jinsi zilivyopangwa ndivyo vinavyoamua ni wino kiasi gani utaingia na utatawanyika vipi. Fundi akibadilisha sindano ni kama wewe kwenye somo la Sanaa umeweka chini penseli ngumu na kuchukua ile laini nyeusi, au umeweka kalamu ukachukua burashi.

Pakiti ya sindano ina maandishi ambayo asiyejua huona kama namba ya gari. Mathalani 1207RL. Tarakimu mbili za mwanzo ni unene wa kila sindano. Kwa kawaida 12 ni milimita 0.35, 10 ni milimita 0.30 na 08 ni milimita 0.25. Tarakimu mbili zinazofuata ni idadi, kwa hivyo hapo zipo sindano saba. Herufi za mwisho ni mpangilio. RL ni duara lililobanwa sana, la kupiga mstari. RS ni duara lililolegezwa kidogo, la kutia kivuli. Ikiwa kuna M, hiyo ni magnamu, ambayo sindano zake zimepangwa safu mbili kama meno ya kitana, nayo ndiyo mfalme wa kivuli.

Tofauti kati ya RL na RS ni ndogo kwa macho lakini ni kubwa kwa kazi. Ukifunga sindano saba pamoja mpaka ncha zigusane, ngozi inazipokea kana kwamba ni ncha moja nene. Unapata mstari mweusi uliokatika vizuri pembeni. Ukizilegeza, kila ncha inachoma mahali pake, kunabaki nafasi ya ngozi katikati, na alama inayoachwa haina ukingo mkali. Ukitumia ile iliyobanwa kujaza shavu zima la mtu, utapita palepale mara nyingi mno, na ngozi itachanika. Fundi mmoja aliniambia, "Wewe mwanafunzi, unaweza kupaka ukuta rangi kwa kalamu? Basi!"

Magnamu ndiyo burashi ya kupaka ukuta. Ina sindano tano, saba, tisa, kumi na tatu, hata zaidi ya ishirini. Kwa kuwa ni pana, pigo moja linafunika eneo kubwa na ngozi haipigwi mara nyingi. Lakini magnamu iliyonyooka ina tabia mbaya: pembe zake mbili zinatangulia kuzama, hasa mkono ukiinama kidogo, na huacha mistari miwili kama reli kando ya kivuli. Ndipo ikatengenezwa magnamu yenye mviringo, ambayo sindano za kati ni ndefu kuliko za pembeni. Hiyo inafuata mbonyeo wa ngozi, pembe hazichimbi, na kivuli kinaisha pole pole bila ukingo. Ukiona picha ya uso wa mtu mkononi, na shavu lake linaonekana la mviringo kweli, uwezekano mkubwa ni kwamba limepakwa kwa magnamu ya mviringo.

Kuhusu unene, kanuni ni rahisi. Sindano ya milimita 0.35 huacha kitone kikubwa na wino mwingi, kivuli kinajaa haraka, lakini ukitazama karibu utaona chembe chembe. Ya 0.25 huacha kitone kidogo sana, kwa hivyo kivuli ni laini zaidi, ila fundi lazima awe na subira kwa kuwa kila pigo linaingiza wino kidogo. Asipokuwa na subira atarudia na kurudia, na ule ulaini alioutafuta utageuka kuwa kidonda. Zaidi ya hayo kuna mchongoko wa ncha. Ncha iliyochongoka kwa urefu huingia kwa tundu dogo na kutoa kitone kidogo, na ile iliyochongoka kwa ufupi hufungua zaidi na kumwaga wino zaidi.

Hata hivyo sindano peke yake haitoshi. Kuna mwendo wa mkono, na hapa ndipo niliposhukuru kwamba nasoma Fizikia. Mnaikumbuka tikataima ya maabara? Ule utepe wa karatasi unaovutwa chini ya kigongo kinachopiga mara 50 kwa sekunde? Ukivuta utepe pole pole, vitone vinabanana. Ukivuta haraka, vinaachana. Mashine ya tatuu ni tikataima, na ngozi ndiyo utepe, ila hapa ni mkono wa fundi unaosogea.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme mashine inapiga mara 100 kwa sekunde. Mkono ukisogea sentimita moja kwa sekunde, kila sentimita itapata mapigo 100, na nafasi kati ya pigo na pigo ni milimita 0.1. Vitone vinalaliana na macho yanaona weusi mtupu. Mkono ukienda sentimita kumi kwa sekunde, ni mapigo kumi tu kwa sentimita, yaani pigo kila milimita moja. Hapo unaona kitone, ngozi, kitone, ngozi. Sindano ni ileile, wino ni uleule, mashine ni ileile, lakini mkwaruzo umebadilika kabisa. Vilevile fundi anaweza kuuacha mkono utulie na kupunguza kasi ya mashine, matokeo yakafanana. Mimi naona hesabu hii ndiyo ufunguo wa kivuli chote.

Mafundi wana namna zao za kutumia ufunguo huo. Ya kwanza ni ile ya kupiga kama mjeledi. Mkono unaanza mahali panapotakiwa weusi, sindano ikiwa imezama, halafu unarushwa kwenda nje huku sindano ikiinuliwa. Mwanzo wa pigo vitone vimebanana, katikati vinaachana, na mwishoni vimefifia vikaisha. Hufanywa sana kwa sindano chache za duara, na ni nzuri kwa manyoya, majani na mikunjo ya nguo. Ya pili ni kivuli cha pilipili, ambacho mkono unakwenda haraka kusudi vitone vionekane wazi. Ya tatu ni ya kitone kimoja kimoja bila kuburuta, kazi ya masaa na masaa, inayofaa maumbo ya duara na pembe zilizopimwa. Ya nne ni kivuli laini, ambapo fundi anatumia magnamu na kuzungusha mkono kwa viduara vidogo vidogo, au anaupeleka mbele na nyuma kama pendulamu, akigusa ngozi kwa wepesi kila anapofika mwisho wa bembea. Hiyo ya nne ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu kosa halina pa kujificha. Kwenye pilipili kitone kilichokosea njia kinadhaniwa ni mwenzao.

Rangi ya kijivu nayo inapatikanaje? Si kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe kama tunavyofanya na rangi za maji darasani. Fundi huchukua vikombe vidogo vitatu au vinne, akatia wino mweusi matone machache katika kimoja, mengi zaidi katika kingine, na kuvijaza kwa maji yaliyosafishwa ya hospitalini. Kikombe cha mwisho huwa kama chai ya rangi iliyowekwa maji mengi. Ufundi huu wa nyeusi na kijivu una historia ya ajabu. Ulikuzwa na Wamarekani wenye asili ya Meksiko huko California, wengi wao wakiwa gerezani, ambako hakukuwa na rangi wala mashine. Walitumia mota ya kinasa sauti cha kaseti na waya wa gitaa uliochongwa, yaani sindano moja tu. Kwa kuwa sindano ilikuwa moja, mistari yao ilikuwa myembamba na vivuli vyao laini ajabu. Mwaka 1975 Charlie Cartwright na Jack Rudy walifungua duka mashariki mwa Los Angeles, na mtindo huo wa magerezani ukaingia madukani.

Mashine yenyewe ni kongwe kuliko watu wanavyodhani. Thomas Edison, yuleyule wa taa, alipata hataza ya kalamu ya umeme mwaka 1876. Kalamu hiyo ilitoboa karatasi vitundu vingi ili maandishi yanakiliwe. Haikuwa na uhusiano wowote na ngozi. Ni Samuel O'Reilly wa New York aliyeona kwamba kinachotoboa karatasi kitatoboa na mtu, na tarehe 8 Desemba 1891 akapata hataza ya mashine ya kwanza ya umeme ya tatuu.

Lakini msidhani bila umeme hakuna kivuli. Wajapani wana ufundi unaoitwa tebori, maana yake kuchonga kwa mkono. Fundi hushika mpini mrefu wa mwanzi au wa chuma, na kwenye ncha yake zimefungwa sindano nyingi kwa safu. Mpini analaza juu ya dole gumba la mkono wa kushoto, akasukuma kwa mkono wa kulia na kuinua kidogo, tik, tik, tik. Kufifiza kivuli wanakuita bokashi. Safu za sindano zao zinafanana na magnamu ya leo, na wao walikuwa nazo kabla ya O'Reilly kuzaliwa. Serikali ya Japani ilipiga marufuku kazi hiyo mwaka 1872 na marufuku hayo yakaondolewa mwaka 1948, na muda wote huo ufundi uliendelea kwa siri. Waliochorwa kwa njia zote mbili husema mkwaruzo wa tebori ni tofauti, kwa sababu mkono haufikii kasi ya mashine na kila pigo lina uzito wake.

Hata huku kwetu chombo kimeamua mkwaruzo. Wamakonde, ambao baadhi yao wako Kwale na walitembea hadi Nairobi mwaka 2016 kudai kutambuliwa kuwa Wakenya, walikuwa na desturi ya kuchanja nyuso kwa kisu kidogo na kupaka masizi ya mkaa ndani ya chale. Kisu hakitoi kitone, kinatoa mkato. Mkato ukipona unaacha mstari ulioinuka ambao unauhisi kwa kidole hata ukifumba macho. Kwa hiyo michoro yao ni ya mistari na pembe pembe, haina kivuli cha kufifia, wala haikukihitaji. Ukitazama nyuso kwenye vinyago vyao vya zamani utaiona mistari hiyo imechongwa.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nitake kujua haya yote. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alifiwa na mama yake mwaka 2021. Mwaka uliofuata alikwenda kwa fundi mmoja hapa mjini achorwe uso wa marehemu kwenye mkono wa kushoto, kutokana na picha ndogo ya pasipoti, ambayo ndiyo pekee iliyobaki nzuri. Siku ile ya kwanza uso ulipendeza, sote tulikubali. Baada ya kama mwezi na nusu, ngozi ilipopona, mashavu yalikuwa yamepotea, na paji la uso na kidevu pia. Zilibaki nywele, macho na tundu za pua zikielea mkononi kama kinyago. Kaka hakusema kitu. Alivaa shati la mikono mirefu hata Januari, na mnajua joto la Mombasa lilivyo Januari.

Nini kilitokea? Fundi alikuwa akifuata picha za kwenye simu, na nyingi ya picha hizo ni za ngozi nyeupe. Rangi yetu nyeusi, melanini, iko kwenye tabaka la juu la ngozi. Wino uko chini yake. Yaani sisi tunautazama wino kupitia melanini, kama mtu anayechungulia kupitia kioo cha gari chenye rangi. Mchoro ukiwa bado mbichi ngozi imevimba na inang'aa, wino fulani umebaki juu, na kijivu chepesi kinaonekana. Ngozi ya juu ikishajirudisha, kile kijivu cha chai ya maji mengi hakionekani tena. Kimezibwa. Hata wino mweupe kwenye ngozi yetu hauwi mweupe.

Fundi wa pili, ambaye ndiye aliyenifafanulia mengi, alikataa kumgusa kwa miezi mitatu. "Ngozi ipumzike kwanza, ndugu yangu," alimwambia. Halafu akaanza kazi kinyume cha yule wa kwanza. Hakutafuta kijivu chepesi kabisa. Ngozi yenyewe ya kaka, hudhurungi iliyoiva, ndiyo aliyoifanya iwe mwanga: paji la uso, mifupa ya mashavu na ncha ya pua havikuguswa. Chini ya kidevu, kando ya pua na kwenye makunyanzi ya leso aliweka weusi wa kweli. Kati ya weusi na ngozi tupu alipita kwa magnamu ya mviringo yenye sindano za milimita 0.30, mkono ukienda wepesi wepesi, mara moja tu kila mahali. Leso aliipiga kwa mjeledi, sindano za duara, vitone vikiwa vimeachana makusudi. Nikamuuliza mbona vimeachana hivyo. Akanijibu kwamba wino husambaa kidogo ndani ya ngozi kadiri miaka inavyopita, kwa hivyo lazima aache nafasi, la sivyo baada ya miaka kumi leso itakuwa doa.

Nyanya yetu, ambaye macho yake si mazuri tena, aliushika ule mkono akausogeza karibu na dirisha. Kisha akaita jina la mwanawe. Hapo ndipo nilipojua kwamba kumbe hili si suala la urembo pekee.

Kupita mara moja nilikokutaja si uvivu wa fundi. Ngozi yetu nyeusi ina mwelekeo zaidi wa kuota keloidi, yale makovu yanayovimba na kuzidi kidonda chenyewe. Ukitazama masikio ya baadhi ya watu waliotoboa utayaona. Fundi anayerudia kuchoma palepale, au anayetumia magnamu iliyonyooka kwa kuikandamiza, anaharibu ngozi ya ndani, na panapopona panainuka na kung'aa. Hapo hakuna kivuli tena, kwa maana mwanga unapiga kovu na kurudi. Akizamisha sindano kupita kiasi, wino unafika kwenye mafuta chini ya ngozi na kusambaa, na mchoro unapata ukungu wa buluu pembeni. Akiizamisha kidogo mno, wino unabaki juu na kupukutika. Nafasi aliyo nayo kati ya makosa haya mawili haifiki milimita moja, na anaipima kwa mkono, huku mwenye mkono akiguna.

Kwa kuwa nafasi ni ndogo hivyo, mtanielewa nikisema kwamba bikari si sindano. Naandika hivi kwa sababu nawajua wenzetu wa darasa fulani (sitalitaja) wanaochorana nyuma ya darasa kwa ncha ya bikari na wino wa kalamu. Jamani! Ncha ya bikari ni nene mara kadhaa kuliko sindano ya milimita 0.35. Haikuchongoka vizuri, kwa hivyo haitoboi, inapasua. Iko moja, kwa hivyo haibebi wino, na mchoraji analazimika kuchoma palepale mara ishirini. Hakuna anayejua imezama kiasi gani. Wino wa kalamu nao umetengenezewa karatasi. Ndiyo sababu alama zenu ni doa la kijani lenye uvimbe, na mmoja wenu mkono ulimvimba akashindwa kushika kalamu wiki ya mtihani. Na hayo ni madogo. Bikari ileile ikipita kwa watu wanne, damu ya wa kwanza inafika kwa wa nne, na katika damu kunaweza kuwa na virusi vya UKIMWI au vya homa ya ini aina ya B, mbali na pepopunda inayoingia kupitia kidonda kichafu.

Kwa fundi wa kweli sindano hutoka ndani ya pakiti iliyofungwa, yenye tarehe ya mwisho wa matumizi, na huifungua mbele yako. Ikishamaliza kazi haioshwi wala haitunzwi. Inatupwa kwenye kisanduku cha vitu vyenye ncha kali, kama vile vya manjano mnavyoviona zahanatini. Wino uliobaki kwenye vikombe pia humwagwa, hata kama ni mwingi. Fundi wa kaka alimwaga karibu nusu kikombe nikamwona ameharibu pesa, naye akacheka. Mtu aliye chini ya miaka 18 hamchori, hata akija na barua.

Nilimwuliza alijifunzia wapi kivuli. Akasema alianza kwa penseli na karatasi mwaka mzima, akijaza miraba kutoka nyeusi hadi nyeupe bila kuacha mstari wa mpaka. Kisha akahamia kwenye maganda ya ndizi, halafu machungwa. Ganda la ndizi ni laini na linaonyesha kila kosa, ukikandamiza linachanika na kuwa jeusi. Chungwa ni la mviringo kama bega, lina vinyweleo, na mkono unalazimika kugeuka pamoja nalo ili pembe za magnamu zisichimbe. Akizamisha sindano kupita kiasi, maji ya chungwa yanatoka na kuuosha wino wote. Aliniambia alitoboa machungwa ya magunia mawili kabla ya kumgusa mtu, na mwenye genge alifikiri anauza juisi.